Bale Mbili, Mwili Mmoja: Kazi za Faustin Linyekula Zikisomwa Kutoka Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari ya kisanaa ya Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi kutoka Kisangani, kwa kuzingatia kazi mbili zinazokutanisha dansi ya kisasa ya Kiafrika na bale: La Création du monde 1923–2012 (2012) na Histoire(s) du théâtre II (2019). Hoja ya msingi ni kwamba neno bale katika eneo la Maziwa Makuu lina maana mbili: bale ya shule ya Ulaya, na bale ya taifa iliyoundwa na dola baada ya uhuru. Linyekula amezihoji zote mbili kwa swali moja, yaani nani anaumiliki mwili unaocheza. Makala yanaonesha nguvu na mipaka ya jibu lake, kisha yanalipeleka swali hilo kwenye mwambao wa Burundi, ambako sera ya ngoma imeegemea uhifadhi kuliko utunzi. Mapendekezo manne yanatolewa kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Rumonge ni mji wa bandari ndogo, mawese na uvuvi, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Jioni mitumbwi huingia ziwani na taa zake kutafuta ndagala, kama dagaa waitwavyo huko. Asubuhi, kwenye mialo, Kirundi na Kiswahili hupokezana, na Kiswahili cha ng'ambo ya Kongo huongeza lafudhi yake. Katika mazingira hayo neno moja lina uzito wa pekee. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa na ni mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Kwa Kirundi, ingoma ni chombo hicho hicho, lakini pia ni ufalme na utawala. Lugha moja imeiweka ngoma uwanjani mwa wachezaji. Nyingine imeiweka kando ya kiti cha enzi. Mkazi wa Rumonge huzungumza zote mbili, na huishi na maana zote mbili.

Neno la tatu, bale, limefika mwambaoni kwa njia ya Kifaransa. Mtafiti anayetoka Nairobi au Dar es Salaam akilisikia hufikiria viatu vya satini na muziki wa Tchaikovsky. Katika nchi zilizotawaliwa kwa Kifaransa, aghalabu neno hilo hutaja kikundi cha ngoma za asili kinachocheza mbele ya wageni wa serikali. Tofauti hiyo si ya istilahi tu. Ndani yake kuna historia ya namna dola, la kikoloni na la kitaifa, lilivyouchukua mwili wa mchezaji na kuupa kazi.

Huenda ikaulizwa kwa nini mtunzi wa Kisangani asomwe kutoka Rumonge. Kwanza, miji hii miwili ni ya ulimwengu mmoja wa Kiswahili. Misafara ya karne ya 19 iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji kuelekea Maniema ndiyo iliyofika hadi maporomoko ya mto Kongo, ambako Tippu Tip aliweka makao yake katika eneo ambalo leo ni Kisangani. Pili, miji yote miwili inabeba kumbukumbu nzito. Maasi yaliyozuka Rumonge na maeneo jirani ya kusini mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini kote, yaliwafanya maelfu kwa maelfu kukimbilia Tanzania. Kisangani nayo ilipigwa makombora mwaka 2000 katika vita vya siku sita kati ya majeshi ya nchi mbili jirani. Tatu, sanaa za jukwaani za kisasa za Burundi zimejikusanya zaidi Bujumbura, ambako tamasha la Buja sans tabou limewapa wasanii pa kukutana. Mwambao wa kusini unahitaji mfano wa kujipima, na Linyekula, aliyeamua kufanya kazi mbali na mji mkuu wa nchi yake, ni mfano unaofaa.

2. Historia mbili za neno bale

Bale ya Ulaya ilikuzwa katika kasri za Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV aliipa chuo cha kifalme mjini Paris, na hadi leo istilahi zake ni za Kifaransa. Inafaa kukumbuka kwamba bale hiyo ilikulia karibu na kiti cha enzi, sawasawa na ngoma ya kifalme ya Burundi. Zote mbili zilikuwa namna ya kuonesha utawala kwa miili iliyopangwa.

Bale ya pili ilianzia Paris pia, lakini mikononi mwa Mwafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Fodéba Keïta wa Guinea aliunda Les Ballets Africains, kikundi ambacho baada ya uhuru wa mwaka 1958 kilifanywa kuwa cha taifa. Mfano huo ulienea. Rwanda ilipata Urukerereza. Zaire ilipata bale yake ya taifa mwaka 1974, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu. Ngoma za vijijini zilitolewa viwanjani, zikafupishwa, zikapangwa katika safu zinazoielekea hadhira, zikaitwa taifa. Wachezaji walipata mshahara, heshima na safari za nje. Walichopoteza ni haki ya kuamua ngoma ianze lini, iishe lini, na imsifu nani.

Kati ya bale hizi mbili palikuwa na jaribio la tatu. Shule ya Mudra Afrique, iliyofunguliwa Dakar mwaka 1977 kwa ushirikiano wa Léopold Sédar Senghor na Maurice Béjart, ikiongozwa na Germaine Acogny, ilitaka kumfundisha mchezaji mmoja mbinu za Afrika na za Ulaya kwa pamoja. Ilifungwa mwaka 1982, lakini mbinu aliyoijenga Acogny, inayoanza na uti wa mgongo na kukanyaga ardhi, imeendelea kuishi katika École des Sables nchini Senegal. Kwa Acogny muungano hufanyika ndani ya mwili: mgongo hujifunza lugha mbili. Madarasa ya bale yaliyofunguliwa kwa watoto wa Kibera, Nairobi, yamechukua njia nyingine, ya kumpa mtoto wa mtaa wa kipato cha chini ufundi ambao kwa muda mrefu ulikuwa wa wenye nacho. Njia zote hizo zina faida. Hata hivyo, hakuna kati yazo inayouliza bale yenyewe ilitoka wapi na ilichukua nini.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kutoshangazwa na mchanganyiko huu. Utafiti wa Terence Ranger kuhusu Beni, uliochapishwa mwaka 1975, unaonesha namna wachezaji wa pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, walivyochukua gwaride na bendi za Kizungu wakazigeuza kuwa mashindano ya ngoma, ambayo askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliyasambaza hadi bara. Beni ilikopa umbo la mtawala bila kumwomba ruhusa. Swali ambalo kazi za Linyekula zinaliibua ni kama bale inaweza kukopwa hivyo leo, katika majumba ambayo mwenye bale ndiye mwenye tiketi, taa na mkataba.

3. Njia ya kwenda na kurudi

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, akakulia Kisangani. Hakuanzia kwenye dansi. Alianzia kwenye fasihi na tamthilia. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa katika misukosuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikwenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kikundi kinachotajwa kuwa cha kwanza cha dansi ya kisasa nchini Kenya. Kwa hiyo mtunzi huyu ambaye Ulaya humtambulisha kama Mkongo ni zao la Afrika Mashariki pia, na jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Baada ya kufanya kazi Ufaransa, ambako njia ya kawaida ingekuwa kubaki, alirudi Kinshasa mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako. Miaka michache baadaye aliihamishia kazi hiyo Kisangani. Uamuzi huo wa mahali ni sehemu ya sanaa yake. Linyekula amekuwa akiieleza nchi yake kama rundo la magofu aliyoyarithi, na kazi zake nyingi huanza kwa kuuliza mtu anasimamaje wima juu ya magofu. Katika Dinozord (2006) alirudi kwenye mji wa utoto na marafiki waliokufa au waliofungwa. Katika more more more… future (2009) aliuingiza muziki wa dansi wa Kongo, kwa gitaa la Flamme Kapaya, ndani ya maneno yaliyoandikwa na mfungwa wa kisiasa. Katika Le Cargo (2011), akiwa peke yake jukwaani, alisimulia safari ya kuzitafuta ngoma za utoto wake, akatambua kwamba msimulizi ameongea sana na amecheza kidogo. Tuzo ya Prince Claus aliyopewa mwaka 2007 ilithibitisha jina lake nje. Nyumbani alihitaji jambo gumu zaidi, yaani sakafu ya kuchezea.

Huko Kisangani, Studios Kabako ilijihusisha pia na suala la maji safi katika wilaya ya Lubunga, ng'ambo ya mto. Kwa mhakiki wa umbo tupu hilo ni jambo la pembeni. Kwa anayesoma kutoka Rumonge si la pembeni hata kidogo: linaonesha kwamba mtunzi huyu aliuelewa mwili wa mchezaji kama mwili unaokunywa maji kabla ya kupanda jukwaani.

4. Bale ya kwanza: Nancy, 2012

Tarehe 25 Oktoba 1923, katika ukumbi wa Champs-Élysées mjini Paris, kikundi cha Ballets suédois kilionesha La Création du monde. Mwongozo wa dansi ulikuwa wa Jean Börlin, muziki wa Darius Milhaud aliyekuwa amerudi na jazi ya Harlem masikioni, hadithi ya Blaise Cendrars aliyekuwa amekusanya masimulizi ya Kiafrika katika kitabu chake cha mwaka 1921, na mandhari na mavazi ya Fernand Léger aliyetumia vinyago alivyoviona kwenye picha za vitabu. Iliitwa bale ya watu weusi. Hapakuwa na Mwafrika katika utunzi wake.

Mwaka 2012 Ballet de Lorraine ya Nancy ilimwalika Linyekula kuirudia kazi hiyo. Angeweza kukataa, au kutunga nyingine kabisa. Alichagua kuiweka bale ya zamani, kama ilivyofufuliwa na watafiti Millicent Hodson na Kenneth Archer, ndani ya kazi yake mpya. Mtazamaji anawaona kwanza wachezaji wa Nancy katika miondoko ya Linyekula, miili iliyofunzwa kupaa ikivutwa kuelekea ardhini. Kisha anaiona bale ya mwaka 1923 yenyewe, na mavazi makubwa ya Léger yanayowafunika wachezaji hadi mwili unakaribia kutoweka. Kisha anakutana na Djodjo Kazadi, mchezaji wa Kongo aliyekua na Studios Kabako, akiwa peke yake mbele ya urithi huo, akiuhoji.

Nguvu ya kazi hii iko katika mpangilio. Haichanganyi hatua za bale na hatua za Kiafrika mpaka mpaka kati yao usionekane. Inaziweka kando kwa kando ili mshono uonekane, na inamwacha mtazamaji aamue nani aliumba dunia ya nani. Kwa maana hiyo ni uhakiki unaochezwa.

Msomaji wa Burundi ana sababu yake ya kuuelewa mshono huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sauti za ngoma za Burundi zilirekodiwa na kuchapishwa Ufaransa katika mkusanyo wa Ocora. Mwaka 1971 rekodi hiyo iliongezewa ala za kisasa na kuuzwa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia katika wimbo The Jungle Line. Mapigo yalizunguka dunia. Majina ya wapigaji hayakuzunguka nayo. Kilichofanywa na Léger kwa macho kilifanywa na studio za muziki kwa masikio. Burundi haijapata bado La Création du monde yake, yaani kazi ambayo mpigangoma angesimama mbele ya rekodi hiyo na kuuliza alikuwa wapi.

5. Bale ya pili: Avignon, 2019

Kama Linyekula angeishia Nancy, angekuwa msanii mwingine wa Kiafrika aliyeitwa Ulaya kuisaidia Ulaya kujikosoa. Kazi ya mwaka 2019 ndiyo inayoikamilisha hoja yake. Histoire(s) du théâtre II, iliyotungwa kwa mwaliko wa NTGent ya Ubelgiji na kuoneshwa Avignon, inaigeukia bale ile nyingine: Ballet National du Zaïre, iliyoanzishwa mwaka 1974, mwaka aliozaliwa mtunzi. Onesho lake la kwanza kubwa lilitokana na utendi wa Lianja, shujaa wa Wamongo, uliogeuzwa kuwa hadithi ya taifa zima.

Linyekula aliwaleta jukwaani wachezaji wa zamani wa bale hiyo: Wawina Lifeteke, Marie-Jeanne Ndjoku Masula na Ikondongo Mukoko. Hawa ni watu waliotumikia dola kwa miili yao kwa miongo kadhaa. Wanacheza, wanakumbuka, wanaeleza. Hapa onesho linakataa urahisi wa aina mbili. Halimsifu Mobutu kwa kuwa alizipa ngoma jukwaa la taifa. Wala haliwafanyi wachezaji kuwa vibaraka waliodanganywa. Fahari yao ni ya kweli, na ufundi wao ni wa kweli, hata kama hadithi waliyopewa kuicheza ilikuwa ya mtawala. Mwili wa mzee unapoianza hatua ya mwaka 1974 na kuimalizia kwa namna ya leo, mtazamaji anaona jambo ambalo nyaraka haziwezi kulionesha: mchezaji alihifadhi kitu ambacho dola halikuagiza.

Zikisomwa pamoja, kazi hizi mbili zinabadilisha maana ya kuchanganya dansi ya Kiafrika na bale. Mchanganyiko si mkutano wa asili safi ya Afrika na ufundi safi wa Ulaya. Kilichoitwa asili kilikuwa kimekwisha kupangwa na dola, na kilichoitwa ufundi kilikuwa kimekwisha kukopa kutoka Afrika. Mtunzi anakuta vitu viwili vilivyochanganyika tayari, na kazi yake ni kufichua masharti ya mchanganyiko huo.

6. Mipaka ya kazi hizi

Sifa hizo haziondoi kasoro. Kwanza, kazi zote mbili ziliagizwa na taasisi za Ulaya na kuoneshwa kwanza kwa hadhira ya Ulaya. Linyekula amejenga makao Kisangani, lakini fedha ya kuyajenga imetegemea majukwaa ya mbali. Mchezaji anayehoji umiliki bado analipwa na mwenye ukumbi. Mtunzi analijua hilo, lakini kulijua hakulitatui.

Pili, muundo wa Nancy unamwachia mwili mmoja mweusi mzigo wa kulisemea bara zima. Kazadi anaubeba kwa heshima. Hata hivyo, upweke wake unaweza kuwaliwaza watazamaji kuliko kuwasumbua, kwa sababu swali lake linakuja baada ya wao kukwisha kufurahia bale. Mpangilio uleule unaoipa kazi nguvu unampa mtazamaji mlango wa kutokea.

Tatu, Linyekula alianzia kwenye maneno, na mara nyingine maneno hulemea hatua. Pale wachezaji wazee wa Kinshasa wanapoachwa wacheze bila kuelezwa, Histoire(s) du théâtre II inafika mbali kuliko pale inapohadithia. Somo hilo ni muhimu kwa watunzi vijana wa ukanda huu, ambao mara nyingi hutakiwa na wafadhili kueleza mada ya kazi yao kabla hawajaitafuta kwa mwili.

7. Swali linaporudi mwambaoni

Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ilikuwa heshima inayostahiki. Oktoba 2017 amri ya rais iliweka masharti: vikundi visajiliwe na wizara, ngoma itumike katika hafla rasmi isipokuwa kwa idhini, hafla binafsi zilipiwe faranga 500,000, na wanawake wasiipige. Lengo lililotajwa lilikuwa kuilinda ngoma isishushwe hadhi, na hofu hiyo si ya bure. Ngoma ya kifalme inayopigwa kwa kila tangazo la biashara hupoteza kitu. Lakini athari yake kwa utunzi ni nzito. Msichana wa Rumonge anaweza kucheza ngoma za wanawake katika safu iliyopangwa. Hawezi kutunga kazi ambayo ndani yake yeye ndiye anayeshika mirisho, yaani fimbo za kupigia. Kijana asiye na faranga 500,000 hawezi kuijaribu ngoma katika harusi ya jirani, na kujaribu ndiko kunakozaa mtunzi.

Kwa istilahi za makala haya, Burundi ina bale ya pili, ile ya taifa, ikiwa imara na yenye hadhi, bali haijampa mchezaji wake nafasi ya kuihoji kama Lifeteke, Ndjoku Masula na Mukoko walivyopewa. Urithi umelindwa dhidi ya warithi wake.

Mwambao wa kusini unaathirika kwa namna yake. Huko kuna utamaduni ambao hauingii kirahisi katika picha moja ya taifa: ngoma ya kifalme ya milimani, agasimbo ya Buragane inayojulikana kwa wepesi wa miguu, nyimbo za harusi za Waislamu wa mwambao, rumba inayovuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie, na mambo yaliyorudi na wakimbizi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwili wa kijana wa Rumonge umekwisha kuchanganya hayo yote bila kusubiri mtunzi. Jukwaa rasmi linapomwalika, humtaka aoneshe moja tu.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kanuni za kulinda ngoma ya kifalme zitenganishwe na kanuni za utunzi mpya. Ibada na vyombo vyake vinaweza kuwa na walinzi wake. Kazi ya jukwaani inayotokana nazo isihitaji ada inayomshinda kijana, na isimfungie mtu kwa jinsia yake.

Pili, wachezaji na wapigaji wazee wa mwambao warekodiwe kwa majina yao, kama watunzi wenye haki juu ya rekodi hizo. Kisa cha Burundi Black kinatosha kuonesha gharama ya kutofanya hivyo.

Tatu, tamasha la JAMAFEST la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza Kigali mwaka 2013, litenge sehemu ya bajeti yake kuagiza kazi mpya zinazotungwa na wasanii wa nchi zaidi ya moja, badala ya kila nchi kuleta gwaride lake. Kazi hizo zioneshwe kwanza katika miji kama Rumonge, Kigoma na Uvira, ili hadhira ya kwanza iwe ya nyumbani.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wasanii kuunda istilahi za dansi. Mtunzi wa mwambao leo hueleza mzunguko, mruko na mkao kwa Kifaransa, kwa kuwa hakupewa maneno mengine. Ngoma ina msamiati wake tayari viwanjani, unahitaji kukusanywa.

8. Hitimisho

Linyekula hakuiunganisha Afrika na bale kwa kuzipatanisha. Alizikutanisha ili kila moja ikiri ilichochukua. Kazi yake ina deni kwa taasisi za mbali na mara nyingine inaongea kuliko inavyocheza, lakini imethibitisha kwamba msanii anaweza kurudi katika mji wa pembezoni, akadai sakafu, na kutoka hapo akazihoji bale zote mbili. Rumonge ina wachezaji, ina lugha mbili za kulitamka neno ngoma, na ina kumbukumbu zinazosubiri mwili wa kuzibeba. Kinachobaki ni sera kuamua kama ngoma ya Burundi ni ya kiti cha enzi peke yake, au ni pia ya yule msichana wa mwaloni anayeisikia tangu utoto na ambaye, hadi sasa, ameruhusiwa kuisikiliza tu.